Kopo la Mama na Breki ya Mbele

Chombo chochote cha magurudumu mawili kilichobandikwa stika ya kijani kimethibitishwa kuwa salama kwa dereva wake, kwa abiria wake na kwa umma mzima. Ndivyo linavyosema tangazo la Idara ya Ukaguzi lililotundikwa ukutani pale uwanja wa ukaguzi, likiwa na sahihi moja na mihuri mitatu, mmoja umepigwa kichwa chini. Tangazo halisemi "huenda" wala "kwa kadiri tulivyoona." Linasema kimethibitishwa, kisha linanyamaza kwa heshima. Chini ya neno "umma" kuna mtu alibandika chingamu aliyokwisha kuitafuna, ikakauka hapo na alama za meno yake.

Mama Vikopo aliiona chingamu kabla ya kuliona tangazo. Ndivyo macho yake yalivyoumbwa.

Hana mtoto aitwaye Vikopo. Jina hilo amepewa na kazi. Kwa miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya dirisha dogo la maabara ya kituo cha afya, akigawa vikopo vitupu asubuhi na kuvipokea baadaye vikiwa si vitupu tena. Watu wazima na heshima zao hufika pale dirishani kikopo kimefichwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, kama wanaokabidhi siri za jeshi. Yeye hukitoa, hukiinua kwenye mwanga na kusema bila kupepesa macho, "Hiki ni kidogo mno, baba. Rudi ukaongeze."

Wageni humwuliza kama haoni kinyaa. Haoni. Kila kikopo kina lebo: jina, umri, tarehe, saa. Kitu kinachojulikana ni cha nani, kimetoka wapi na kimekaa muda gani hakina uwezo wa kumchefua mtu mwenye akili. Kinyaa cha Mama Vikopo huanza saa kumi jioni, akishavua koti jeupe na kurudi nyumbani, mahali ambapo hakuna chochote chenye lebo.

Nyumbani kulikuwa na watu watatu, ukimhesabu yeye. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu na huonekana kama mwezi mwandamo: siku ile ile, upande ule ule, kisha amezama. Alichoacha nyumbani kama amana ni mdogo wake. Shemeji huyu alikuja kwa wiki moja, miaka minne iliyopita, na tangu hapo kochi la sebuleni limechukua umbo lake. Alikuwa na kazi mbili: kushauri na kukata kucha za miguu. Zote mbili alizifanya juu ya meza ya kulia chakula. Mama Vikopo alikwisha kukuta kipande cha kucha ndani ya kibakuli cha chumvi, akakitazama kwa muda mrefu, akatamani kingekuwa na tarehe.

Wa tatu alikuwa mama yake mzazi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki akiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa. Basi alihamia masikioni. Alimjua mtu kwa ndala zake, mvua kwa bati, na ubishi wa majirani kwa urefu wa kimya kilichoutangulia. Lakini masikio yaliyofunguka hivyo huumia pia. Bawaba ikilia, aliumia. Kitanda kikilia, aliumia. Na alikuwa na dawa moja kwa vyote.

"Chenye kulia kina njaa," alikuwa akisema. "Kilishe."

Chakula chenyewe kilikaa chini ya sinki, ndani ya kopo la maziwa ya unga: mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, yakachujwa kwa kidole, yakarudishwa, yakaongezewa mengine. Yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Juu yake kulielea makombo, chini yake kulitulia kitu ambacho Mama Vikopo, mtaalamu wa kutazama vitu kwenye hadubini, hakuthubutu kukitazama. Mara tatu alilitupa kopo lile. Mara tatu mama aliliokota kwa harufu.

Sasa, Ijumaa ya wiki ile mama alitakiwa afike hospitali kubwa kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Namba yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Akiikosa safari hii, foleni ingeanza upya, na foleni yenyewe ilikuwa ya miezi saba. Geti la wagonjwa wa upasuaji lilifungwa saa mbili kamili asubuhi, na halikufunguliwa kwa machozi. Kwa gari haikuwezekana. Mlango wa gari ukifungwa tu, tumbo la mama hupinduka, na madereva wawili wa mtaani walikuwa bado wanazungumzia viti vyao. Ilibaki skuta ya Mama Vikopo, ile ya bluu iliyopauka, mama nyuma amekamata kiuno, na barabara inayoteremka kutoka mtaani kwao mpaka chini kwenye makutano kama maji ya bomba.

Skuta ilikuwa na tatizo moja lililojulikana na mtaa mzima. Breki ya mbele ilikuwa ikilia. Mwanzo ililia kama panya, baadaye kama paka, na kufikia wiki ile ilikuwa ikilia kama nguruwe aliyekwisha kuelezwa mpango. Na Jumanne ilikuwa siku yake ya ukaguzi.

Jumanne asubuhi haikulia. Mama Vikopo aliisukuma hadi uani, akabana breki, kimya. Akabana tena, kimya. Alishangaa kidogo, kisha akafanya kosa linalofanywa na watu wote wenye haraka: alishukuru.

Pale uwanjani mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kijiti cha meno kimehamia kona ya mdomo. Hakuinuka. Alikuwa na utaratibu wake. Aliamuru taa ziwashwe, honi ipigwe, kisha skuta isukumwe kwa mwendo wa mtu anayetembea na breki ibanwe, naye akafumba macho kusikiliza.

"Mimi nakagua kwa sikio," alieleza. "Breki inayolia ni breki inayolalamika. Yako haisemi kitu. Safi."

Skuta kweli ilisimama. Breki ya nyuma peke yake inaweza kusimamisha chombo kinachosukumwa kwa mkono. Hata kokoto ingekisimamisha.

Mkaguzi akachomoa stika ya kijani. Gundi yake ilikuwa imekauka, maana stika zilikaa juani tangu mwaka uanze. Basi akatoa kijiti mdomoni, akautoa na ulimi, akailamba stika kutoka ncha hadi ncha, polepole, kama mtu anayemaliza sahani aliyoipenda. Akaibandika kwenye kioo cha mbele, akaikandamiza kwa dole gumba.

"Salama," akasema.

Mama Vikopo akasema ahsante, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu chenye joto.

Aliishika njia ya kazini huku akikwepa kuitazama stika. Mteremko ulipoanza, akagusa breki ya mbele. Haikulia. Haikufanya kingine chochote pia. Akabana kwa vidole vinne, mpini ukaingia mpaka mwisho, laini kama kupeana mkono na mtu asiyekupenda. Breki ya nyuma ikajitahidi, ikanuka, ikachoka. Mbele palikuwa na makutano, lori la mchanga, na upande wa kushoto jalala la soko.

Alichagua jalala. Baadaye aliwaambia wenzake wa maabara kwamba uamuzi ule ulimchukua muda mfupi kuliko kusoma lebo moja, lakini kwamba katika muda ule aliwaza, kwa ukamilifu, jinsi kufa kulivyo safi.

Aliingia mzimamzima. Nyanya za wiki iliyopita, vichwa vya samaki, nepi, kitu chenye manyoya ambacho hakikusogea na kitu kisicho na manyoya ambacho kilisogea. Skuta ilizama hadi kwenye kitako, ikasimama vizuri kabisa. Stika ya kijani ilikuwa juu, kavu, inang'aa. Mwanamke mmoja muuza vitunguu alimtazama akiibuka, akamwambia kwa huruma, "Pole, dada. Na leo walikuwa bado hawajamwaga taka za bucha."

Alioga mara nne. Kisha akaisukuma skuta kwa mguu hadi kwa fundi wa kona.

Fundi hakuhitaji kuinama. "Ah, ulienda ukaguzi," akasema. "Mbona hukupitia hapa kwanza? Tungekupaka grisi kidogo tu."

"Grisi wapi?"

"Kwenye diski, mama. Isilie. Wote wanapaka. Ukishapata stika unaifuta, au unaiacha iishe yenyewe."

Mama Vikopo alimtazama. Fundi alikuwa akipangusa mikono kwenye kiti cha skuta ya mteja mwingine. Palepale akaelewa mambo mawili: kwamba kuna mtu aliyeipaka breki yake, na kwamba chombo kitakachombeba mama yake Ijumaa hakitaguswa na mkono wowote wa mtaa huu isipokuwa wake.

Jioni alikwenda kwa muuza vipuri, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwonyesha picha ya skuta. Mama yule akamtolea kijikasha chenye pedi mbili mpya za breki, vipande vidogo vya chuma vilivyogandishwa kila kimoja tabaka jeusi, nene kama kidole.

"Umewahi kubadilisha?"

"Bado. Lakini nafungua vitu vibaya zaidi ya hivi kila siku."

"Basi sikiliza. Usizishike na mkono wa mafuta, zikinywa mafuta zimekufa. Na zitalia siku mbili tatu, usiogope. Ni kama maharusi, zinafahamiana na diski."

Jumatano alipotoka kazini alitandika shuka kuukuu uani, akavaa glovu za maabara jozi mbili, akafunga barakoa, akapanga spana, koleo, msasa, matambara na chupa ya spiriti kwa mstari, kama mtu anayetaka kumpasua marehemu. Shemeji alitoka na kikombe cha chai kuja kushauri.

"Hiyo ungemwachia mwanaume, shemeji."

"Mlete."

Shemeji akacheka kidogo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mama Vikopo alifungua bolti mbili zinazoshikilia kalipa, lile koleo la chuma linalobana diski ya gurudumu, akalitelezesha likatoka. Likaja na harufu. Aliijua. Ni harufu iliyokuwa ikimpokea jikoni kila akifungua kabati la chini ya sinki. Diski yote ilikuwa imepakwa, pande zote mbili, kwa uangalifu, bila kuacha nafasi hata ya ncha ya sindano. Ndani ya kalipa palikuwa na uji mweusi wa vumbi la chuma na mafuta yaliyochacha, na ndani ya uji ule sisimizi hai wakiwa kazini, wakibeba kombo la mkate kuelekea kwenye pistoni, kile kidude kinachozisukuma pedi. Gamba moja la samaki lilikuwa limenata kwenye pedi. Mama Vikopo, ambaye asubuhi ile alikuwa amekoroga sampuli thelathini na moja kwa kijiti, aligeuka, akaenda ukutani, akatapika.

Aliporudi, alimkuta shemeji amechuchumaa mahali pake, anasugua kalipa kwa mswaki.

"Nakusaidia," akasema. "Mswaki ndio unaoingia kwenye kona."

"Wa nani huo?"

"Wangu, usiwe na wasiwasi! Mimi si mtu wa kuchukua vitu vya watu." Akausuuza kidogo kwenye chai iliyobaki, akaukung'uta mara mbili na kuingia ndani. Kupitia dirisha la bafu Mama Vikopo alisikia mswaki ukitua kwenye glasi ambamo miswaki yote mitatu ya nyumba ile ililala pamoja, vichwa vimegusana kama watoto wa mama mmoja.

Kisha akaita, "Mama."

Mama alikuja akipapasa ukuta, ndala zake zikisema polepole, polepole.

"Nani kaipaka mafuta breki yangu?"

"Mimi," akasema mama, na uso wake ukawa wa mtu anayengoja kushukuriwa. "Jumatatu jioni, ulipokuwa unaoga. Ilikuwa inalia, mwanangu. Ilikuwa inanikata maini. Nikasema, mtoto ana ukaguzi kesho, wacha nimsaidie. Niliipapasa yote. Nilikosa mahali?"

"Hukukosa. Breki haipakwi mafuta, mama."

"Mlango nimepaka. Kitanda nimepaka. Marehemu baba yako magoti nimempaka mpaka siku ya mwisho. Nani amerudi kulalamika?"

"Kazi ya mlango ni kwenda. Kazi ya breki ni kugoma. Ukiipaka mafuta, haigomi."

Mama akalichambua hilo. Alikuwa amesikia habari ya jalala, nani hakuisikia, lakini alikuwa ameambiwa kwamba skuta iliteleza.

"Kwa hiyo lile jalala…"

"Ndiyo."

"Na Ijumaa mimi ningekuwa nimekaa nyuma ya hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Loo," akasema mama. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na ningejikuta nimejiua kwa mafuta ya kukaangia."

Mama Vikopo alitaka kukasirika, lakini hasira inahitaji pumzi, na kwa harufu ile hakuna aliyetaka kuvuta pumzi ndefu. Akarudi kazini. Akachomoa ile pini inayoshikilia pedi, akazitoa za zamani. Zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma kitupu. Tangu mwezi uliopita kilichokuwa kikilia ni chuma juu ya chuma. Mafuta ya mama hayakuiharibu breki nzima. Yaliinyamazisha tu breki ambayo ilikuwa ikijaribu kusema kitu. Alizitia pedi zile ndani ya mfuko wa plastiki, na kwa mazoea akaandika juu yake tarehe na saa.

Akaiosha diski kwa spiriti mara tano, hadi kitambaa kikatoka cheupe. Akaipitisha msasa, akaiosha tena. Akafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, yale ya dukani yanayokaa ndani ya mpira wake, akairudisha pistoni ndani kwa kuisukuma kidogo kidogo, akazishika pedi mpya kwa koleo la maabara, bila kuzigusa kwa kidole, akazipachika, akarudisha pini, akakaza bolti.

"Umemaliza, panda twende," akasema shemeji, aliyekuwa amerudi na chai nyingine.

"Bado. Mama, njoo ushike hapa. Bana, achia. Bana, achia."

Mama alishika mpini wa breki. Mara ya kwanza ukaingia wote, laini. Mara ya tano ukaanza kubisha. Mara ya tisa mama akainua kichwa.

"Umegoma," akasema.

"Zungusha gurudumu, usikilize."

Mama akalizungusha kwa kiganja, akafumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayakumsaidia sana. "Linakwaruza kidogo. Sawasawa, pande zote. Halidundi." Kisha akabana, na breki mpya ikatoa mlio mwembamba, mkali, wa kukata glasi. Mama akakunja uso. Mkono wake wa kulia, wenyewe, bila kuagizwa, ukaanza kupapasa hewani kuelekea jikoni.

"Mama!"

"Siendi popote," akasema mama, akaukamata mkono ule kwa mwenzake.

Usiku huo kopo la chini ya sinki lilipata lebo, kwa mwandiko wa maabara: Mafuta, yametumika, si ya breki. Mwenye kopo hakuweza kuisoma, lakini aliipapasa, akasikia karatasi, akaelewa kwamba amefunguliwa faili. Miswaki yote mitatu ilitupwa. Shemeji alilalamika kwamba wake ulikuwa bado mpya.

Ijumaa waliondoka saa moja na nusu. Mama alikuwa amejifunga kitenge kipya, mikono yake imekaza kiunoni kwa binti yake kama mkanda wa posta. Mteremko ulipoanza Mama Vikopo alitangulia kupunguza mwendo, na breki ikapiga kelele kiasi cha kuamsha mbwa wa mitaa miwili. Mama alisaga meno. Walipokaribia makutano mtu mmoja akaruka barabarani ghafla na kamba mkononi, akainua kiganja. Ilikuwa operesheni ya idara, ya kushtukiza, na mwenye kamba alikuwa mkaguzi yule yule, na kijiti kile kile, au ndugu ya kijiti kile.

Mama Vikopo alibana. Skuta ikapiga yowe, ikainamisha pua, ikasimama.

Mkaguzi alikuwa ameziba masikio. "Hiyo ni nini?"

"Breki."

"Inalia!"

"Ni mpya. Inalia kwa sababu inashika."

"Mama, mimi ndiye mtaalamu hapa. Jumanne haikulia. Umeichezea. Breki inayolia ni breki inayolalamika."

Kutoka nyuma mama akasema, "Hata mimi nalalamika, baba, na bado nafanya kazi. Tuache tupite, geti linafungwa."

Sheria haina huruma kwa mageti. Mkaguzi akaweka ukucha chini ya stika ya kijani, nayo ikatoka bila kubishana, maana mate si gundi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akamwambia Mama Vikopo airudishe skuta uwanjani itakapokuwa imenyamaza. Mama Vikopo akatoa kitambaa chenye spiriti, akapangusa pale kwenye kioo stika ilipokuwa, akapangusa tena, akawasha skuta. Saa mbili kasoro dakika sita walikuwa ndani ya geti.

Daftari la operesheni la siku ile limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Linasema kwamba skuta moja ya bluu iliondolewa uthibitisho wa usalama kwa kosa la kelele, kwenye makutano ya chini ya mteremko. Halisemi kwamba gurudumu lake la mbele lilikuwa limesimama shibiri moja kutoka kwenye viatu vya aliyeandika.